Watoto wa jamii za wachache katika elimu maalumu Marekani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Kipimo cha akili hakijui rangi wala kabila la mtoto.

Ukweli: Kipimo hutungwa na watu, kwa lugha na maisha wanayoyajua wao. Watoto tisa wa California, waliolelewa kwa Kihispania, walipimwa kwa Kiingereza wakawekwa madarasa ya wenye upungufu wa akili. Walipopimwa tena kwa lugha ya kwao, wengi walivuka kiwango cha upungufu huo. Kesi yao, iliyoitwa Diana, iliisha mwaka 1970 kwa makubaliano kwamba mtoto apimwe kwa lugha ya nyumbani. Mwaka 1971 ikafuata kesi ya Larry P., ya watoto Weusi wa San Francisco. Takwimu zake zinauma: Weusi walikuwa takriban asilimia 10 ya wanafunzi wa jimbo, lakini asilimia 25 ya waliokuwa kwenye madarasa hayo. Mwaka 1979 Jaji Robert Peckham alipiga marufuku vipimo vya akili kutumika kuwapeleka watoto Weusi kwenye madarasa hayo.

Dhana: Hata akiwekwa kimakosa, msaada wa ziada haumdhuru mtoto.

Ukweli: Madarasa yale yalifundisha kujitegemea na kazi nyepesi, si masomo ya kumrudisha mtoto kwa wenzake. Kila mwaka aliachwa nyuma zaidi, kisha pengo lile lile likawa ushahidi kwamba palimfaa. Huo ni ukatili, hata kama hakuna aliyeukusudia.

Dhana: Basi dawa ni kupunguza tu idadi ya watoto hao katika elimu maalumu.

Ukweli: Hapana. Usonji, kwa mfano, yaani hali inayoathiri mawasiliano na mahusiano ya mtoto na wengine, kwa miaka mingi ulitambuliwa zaidi kwa watoto Wazungu kuliko Weusi na Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Wapo waliohitaji huduma wakazikosa.

Dhana: Mtoto wa mkimbizi asipoelewa darasani, ana ulemavu wa kujifunza.

Ukweli: Hili linawahusu moja kwa moja Wakongo wanaozungumza Kiswahili waliohamia huko. Sheria ya shirikisho inakataza kumhesabu mtoto kuwa mlemavu ikiwa sababu kuu ni kutojua Kiingereza vizuri au kutofundishwa kusoma ipasavyo. Shule inapaswa kupata idhini ya maandishi ya mzazi kabla ya kumpima mtoto kwa mara ya kwanza, na mzazi akizikataa huduma zenyewe, haziwezi kuanza. Katika kikao cha shule na mzazi kuhusu mtoto, shule ndiyo inayopaswa kuleta mkalimani. Dada wa mtoto, hata akijua Kiingereza, asibebeshwe kazi hiyo. Mzazi amwombe mkalimani mapema, kabla ya kutia saini chochote.