Soma Ukiwa Umeshika Saa

Riwaya za mafumbo ya kale (hadithi za upelelezi zinazotokea zama za zamani), vitabu vya kutia moyo na riwaya za mapenzi ya Kikristo mara nyingi hukaa kabati moja, kwa msomaji mmoja, na watu huuliza vimekutanaje. Kwangu jibu ni muda. Kwenye fumbo, swali ni nani alikuwa wapi, saa ngapi. Kwenye mapenzi ya Kikristo, swali ni nani yuko tayari kungoja, na mpaka lini. Kitabu cha kutia moyo nacho lazima kikuambie badiliko lilichukua muda gani. Mwandishi anayeuheshimu muda namfuata hata kama sentensi zake ni za kawaida. Anayeuchezea hanirudishi kwake tena.

Tuanze na kununua, maana fumbo lililokatika mwisho ni hela iliyotupwa. Vitabu vya aina hii tunavipata zaidi kwenye meza za vitabu vya mitumba, Posta au Kariakoo hapa Dar, vikiwa vimeshapita mikono ya watu wawili watatu. Vile vya jalada jepesi vimeshikwa na gundi tu mgongoni. Gundi ikizeeka, na joto la mji huu huizeesha mapema, hukakamaa na kupasuka. Kurasa za mwanzo na za mwisho ndizo hutoka kwanza. Kitabu cha kutia moyo kikikosa kurasa nane za mwisho bado kitakufaa. Fumbo likikosa kurasa nane limekufa.

Kwa hiyo fungua nyuma kwanza, lakini funika maandishi kwa kiganja, uangalie namba ya ukurasa tu. Usikidharau kiganja: jina la muuaji huwa liko hapo hapo. Usidanganywe na unene, kwa sababu wachapishaji wengi huweka nyuma sura ya kwanza ya kitabu kinachofuata na matangazo ya vingine, ukadhani hadithi imekamilika kumbe kilichobaki ni tangazo. Tafuta inapoishia sura ya mwisho yenyewe: kwa kawaida pana nafasi nyeupe chini, au neno la mwandishi kuhusu historia aliyoitumia. Kisha pitisha dole gumba kwenye kona, ukisoma namba kwa haraka. Kitabu hukusanywa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32. Fungu moja likirukwa kiwandani, namba zitatoka 160 ziende 193, na huwezi kuliona hilo kwa kutazama jalada.

Ukurasa wa hakimiliki usiuache. Mwaka wa toleo la kwanza unakueleza kitabu kiko wapi kwenye mfululizo. Ile safu ya tarakimu kama 10 9 8 7 6 5 4 haina siri: iliyo ndogo kuliko zote ndiyo idadi ya mara kilivyochapwa. Kwa mifululizo, ushauri wangu ni kusoma viwili vya mwanzo kwa mpangilio, kisha uko huru. Ellis Peters wa Uingereza aliandika riwaya 20 za mtawa mpelelezi Cadfael, kati ya 1977 na 1994. Kila fumbo linajitegemea, ila watu wanaoa na kuzaa ndani ya mfululizo, na kitabu cha kumi kinaweza kukutajia bila kukusudia nani alikuwa hana hatia kwenye cha tatu.

Sasa kusoma. Chukua nusu karatasi ya daftari, ikunje iwe kadi ya kuwekea alama kitabuni, uichore safu nne: ukurasa, saa, mahali, na nani amesema. Safu ya nne ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye kazi. Msimulizi akisema mlango ulikuwa umefungwa, mlango ulikuwa umefungwa. Mpishi akisema mlango ulikuwa umefungwa, tunachojua ni kwamba mpishi amesema. Mwandishi mzuri hawezi kukudanganya kwa sauti ya msimulizi, lakini ana ruhusa kamili ya kuwaacha wahusika wake waseme uongo mchana kweupe. Ukifika theluthi mbili ya kitabu, simama. Andika jina moja na dalili tatu zenye namba za kurasa, ndipo uendelee. Ukikosea, rudi kwenye kadi. Kama dalili zilizomnasa muuaji zilikuwepo na wewe hukuziandika, umeshindwa kihalali, na raha yake ni kubwa kuliko kupatia. Kama hazikuwepo popote, mwandishi amekuibia.

Safu ya saa ndiyo inayomtesa msomaji wa Kiswahili, na hapa nitakaa kidogo. Saa zetu zinaanza kuhesabiwa asubuhi jua likichomoza, za Kiingereza zinaanza usiku wa manane. Tofauti ni sita. Chukua kitabu kilichotafsiriwa: bwana mkubwa alionekana bustanini “saa tatu”, na kaburi lilichimbwa “saa tisa usiku”. Je, mfasiri amebadili au amebeba namba ya Kiingereza kama ilivyo? Akibeba tatu ya alasiri bila kuigeuza, bwana yule yuko bustanini baada ya chakula cha usiku, na ushahidi wake wa kuwa kwingine umesogea kwa saa sita. Fumbo zima limeharibika na mwandishi hana kosa. Kipimo ni mwanga na chakula. Kama “saa tatu” watu wanakunywa chai ya alasiri na kivuli cha mti kimeanza kurefuka, ujue ni saa tisa yetu, uiandike tisa. Kwenye kadi tumia mfumo mmoja tu mwanzo hadi mwisho. Anayechanganya mifumo miwili hukamata mtu asiye na hatia.

Siku nayo ina mtego wake. Kwa watu wa pwani tangu zamani siku huanza magharibi, jua likizama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Anayehesabu kwa Kizungu angeuita Alhamisi usiku. Kwenye kalenda ya ofisini tarehe hubadilika saa sita usiku. Na kwenye mazungumzo ya kila siku, mtu aliyekesha mpaka saa nane usiku bado anasema “jana usiku” bila kujali tarehe. Hesabu tatu, zote sahihi. Riwaya inayowekwa Bagamoyo au Unguja ya karne ya 19, shahidi mmoja akiwa karani wa Kizungu na mwingine nahodha wa jahazi, inaweza kuwa na mashahidi wawili wakweli wanaopishana siku nzima. Ningependa kuona waandishi wetu wakiitumia nafasi hii, kwani tamaduni ya upelelezi tunayo. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, pamoja na mpelelezi wake Bwana Msa, kilitoka 1960.

Uingereza nao wana mtego wao. Hadi 1752 walifuata kalenda ya zamani, na mwaka huo tarehe 2 Septemba ilifuatwa na tarehe 14. Kabla ya hapo mwaka wao wa kisheria ulianza 25 Machi. Barua ya Februari 1700 iliyoandikwa na karani wa kule inaweza kuwa ya Februari 1701 kwa hesabu yetu. Ukikutana na wosia wa zama hizo, weka alama ya kuuliza kwenye kadi.

Tena zamani watu wengi hawakuwa na saa mkononi. Cadfael, katika Shrewsbury ya karne ya 12, anahesabu kwa ibada za watawa. Msomaji wa Dar hahitaji kufundishwa jambo hili, kwa sababu “tuonane baada ya Alasiri” tunaielewa vizuri. Kumbuka tu kwamba muda wa namna hiyo una upana. Kati ya Magharibi na Isha pana nafasi ya kufanya mengi, na mwandishi mjuzi huficha tendo lake humo.

Baada ya saa na siku, pima miaka. Sijali mwandishi akikosea kifungo cha koti. Najali akikosea kitu kinachobeba fumbo. Polisi wa London walifungua ofisi yao ya alama za vidole 1901, kwa hiyo mpelelezi wa huko anayemnasa mwizi kwa alama hizo 1880 amepewa msaada wa uongo. Kipimo cha James Marsh cha kugundua sumu ya aseniki kilitangazwa 1836. Kabla ya hapo mtoa sumu alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuponyoka, na hilo linapaswa kuonekana katika hofu ya wahusika. Kwa riwaya za mji wetu, vipimo vyangu ni hivi. Pesa: rupia ya Wajerumani iligawanywa kwa pesa 64 hadi 1904, ndipo ikawa heller 100, na shilingi ya Afrika Mashariki ikaja 1921. Reli: kutoka Dar ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914, kwa hiyo shahidi aliyeshuka treni Tabora 1909 ni mwongo, au mwandishi hakusoma. Mitaa: mtu wa 1950 hatembei Samora, anatembea Acacia Avenue. Sanamu ya Askari haipo kabla ya 1927. Ukitaka kuhakikisha, nenda Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi Mohamed ukaulizie vitabu vya historia ya Tanganyika. Asubuhi moja inatosha kwa riwaya moja.

Kuna jambo moja zaidi ambalo Kiswahili kinampa mwandishi wa mafumbo bure. “Alimwona akiingia chumbani” haisemi kama aliyeona ni mwanamke, wala aliyeingia kama ni mwanamume. Kiingereza lazima kichague. Ukisoma fumbo kwa Kiswahili, usimpe mtu jinsia kabla kitabu hakijampa. Wasomaji wengi humvalisha muuaji kanzu kichwani mwao kuanzia sura ya pili, halafu wanashangaa akifunua mtandio.

Mapenzi ya Kikristo yanaonekana mepesi, na huko ndiko ninakoona ubunifu mbovu ukisamehewa haraka mno. Mfano ninaoutumia kueleza kazi nzuri ni Love Comes Softly cha Janette Oke wa Kanada, cha 1979. Mwanamke anafiwa na mume safarini, mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye mtoto, anamwomba waoane kwa ajili ya mtoto, kwa ahadi kwamba msafara wa magari ya kukokotwa ukipita majira ya kuchipua atamlipia nauli ya kurudi kwao kama bado anataka. Angalia alivyoweka muda: majira ya baridi yote ni kipimo cha moyo, na msomaji anajua siku ya jibu inakuja. Upendo una miezi ya kukua, katika kupika, kufua na kuuguzana.

Kosa kubwa la aina hii ni uongofu wa dakika za mwisho. Binti ameokoka, kijana hajaamini, na 2 Wakorintho 6:14 inasema “Msifungiwe nira pamoja na wasioamini”. Sasa mwandishi amekwama, kwa hiyo sura moja kabla ya harusi kijana anapiga magoti na mambo yanaisha. Mpime hivi: je, binti angemkataa, kijana huyu angeendelea kuamini? Mwandishi aliyefanya kazi yake huweka wokovu wa kijana mahali ambapo bado hana uhakika wa kumpata binti, na huacha majuma yapite kati ya mambo hayo mawili. Asiyefanya hivyo ameigeuza imani kuwa mahari.

Harusi nayo ina kalenda. Kwenye riwaya za Uingereza, sheria ya 1753 ilitaka ndoa itangazwe kanisani Jumapili tatu au ipatikane leseni, na ndiyo maana wapenzi wa vitabu hivyo hukimbilia Gretna Green, upande wa Scotland, ambako sheria hiyo haikufika. Kwetu, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya angalau siku 21, na makanisa yetu mengi yana Jumapili zao tatu za matangazo, mbali na posa, mahari na mafundisho ya ndoa. Riwaya ya Dar inayomposa binti Jumatano na kumfungisha ndoa Jumamosi imetupa wiki tatu tamu kuliko zote, wakati jina la mchumba linasomwa mbele ya ushirika na mtu yeyote mwenye pingamizi ana haki ya kusimama. Humo ndimo hadithi ilimokuwa.

Vitabu vya kutia moyo sivitolei maneno mengi. Sura moja kwa siku, si tatu, kwa sababu sura tatu zikifuatana zinapandisha joto ambalo kesho halipo. Kila mwandishi anapotoa ushuhuda, andika pembeni kwa penseli: ilichukua muda gani? Kama kitabu kizima hakina hata mwaka mmoja uliotajwa, kirudishe mezani. Na kila aya ya Biblia anayoinukuu, fungua Biblia yako usome aya kumi juu na kumi chini. Yeremia 29:11 ndiyo kipimo changu cha kwanza, kwa kuwa karibu kila kitabu cha aina hii kinayo: “Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi.” Panda aya moja tu juu. Aya ya 10 inataja miaka sabini Babeli.