Yule mbawakawa mdogo mweusi sio jike la yule mkubwa
Uingereza kuna mbawakawa wawili wa msituni watu wanawachanganya miaka yote, Lucanus cervus ambaye dume lake lina taya refu kama pembe za kulungu, na Dorcus parallelipipedus mdogo mweusi, basi wanasema huyu mdogo ndo jike la yule mkubwa. Jamani si kweli, ni spishi mbili tofauti kabisa. Jike la Lucanus mwangalie mgongoni, ganda la mabawa linang'aa rangi ya kahawia iliyokolea na kichwa ni chembamba kuliko kifua, Dorcus yeye ni mweusi tii asiyeng'aa, kichwa kipana. Mabuu ya wote yanakula mti uliooza tu, hayakaushi mti ulio hai, so kisiki kilichooza kiacheni tafadhali.