Una TBS, una barikodi, una leseni, ila jina bado sio lako

Nikitambulishwa msibani au kwenye harusi kwamba mimi ni wakili, sekunde inayofuata mtu ananivuta pembeni kuniuliza kiwanja chake. Nikimwambia kiwanja sawa nafanya, lakini kazi ninayoipenda ni alama za biashara, yaani jina au nembo unayoisajili ili mwingine asiibandike kwenye bidhaa kama yako, ananiangalia kama nimesema nauza ukungu wa Uyole. "Aaah, zile za TBS?" Sio za TBS, wale ni watu wa viwango. Sahivi nina vijana wawili wa field ofisini, nao wiki ya kwanza waliniuliza hivyohivyo, kwa hiyo nikaona niandike tu maana kila mwaka narudia maneno yaleyale.

Nianze na mama mmoja wa Rungwe, kaniruhusu nisimulie ila jina nisiliweke. Anakamua mafuta ya parachichi. Alikuja na faili la plastiki, akanipangia mezani karatasi moja moja kama anayepanga nyanya sokoni: TIN, leseni ya biashara, cheti cha jina la biashara kutoka BRELA (wakala wa serikali wa kusajili biashara), karatasi za TBS, barikodi. Halafu akatoa chupa mbili kwenye mkoba. Moja yake. Nyingine kainunua Tunduma, jina lilelile, rangi ya lebo ileile, hata picha ya parachichi iliyokatwa katikati ileile. "Mwanangu, si nimesajili? Kwa nini huyu anatumia jina langu?"

Hapo ndo kazi yangu inapoanzia, na kwa kweli kusema ukweli hapo kunauma. Cheti cha jina la biashara kinasema tu kwamba fulani anafanya biashara akijiita hivi. TBS wanaangalia ubora wa kilichomo ndani ya chupa. Barikodi ni ya mashine ya dukani kusoma. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokupa haki ya kumzuia mwingine kubandika jina hilo kwenye bidhaa kama yako, hiyo haki kwa Tanzania Bara inatoka kwenye Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na unaiombea kivyake, BRELA haohao lakini dirisha jingine kabisa. Watu wanaona ofisi ni moja wanadhani karatasi ni moja.

Nilipofanya sechi, yaani kutafuta kwenye kumbukumbu za BRELA, nikakuta jina limeshaombwa. Na aliyeomba ni mtu aliyekuwa anamchukulia mama mzigo wa jumla.

Bahati yake, na nasisitiza ni bahati, ombi la yule bwana lilikuwa ndo limetangazwa tu kwenye jarida la BRELA. Utaratibu uko hivi: ukiomba, Msajili anakagua kama alama inafaa na haigongani na ya mtu, akikubali inatangazwa, na kuanzia siku ya tangazo kuna siku 60 za mtu yeyote kuweka pingamizi. Zikipita kimya, cheti kinatoka, cha miaka 7, baada ya hapo unahuisha kila miaka 10. Sisi tulikuwa ndani ya zile siku. Zingekuwa zimepita tungekuwa tunazungumza habari ya kufuta alama iliyokwisha kusajiliwa, na huo mlima ni mwingine.

Vijana wanadhani wiki zilizofuata nilikuwa nasoma sheria. Nilikuwa namsumbua mama atafute risiti! Risiti ya kwanza ya kuchapa lebo, picha za nanenane pale viwanja vya John Mwakangale akiwa na chupa mezani, daftari la mikopo ya wateja, meseji za WhatsApp ambazo yule bwana mwenyewe anaandika "mama niwekee katoni kumi za" halafu anataja jina. Ile meseji niliipenda kuliko kifungu chochote. Pingamizi unashinda kwa ushahidi kwamba ulitumia jina kabla na mwenzako alilijua, na wafanyabiashara wetu hawatunzi karatasi, wanatunza imani. Msajili akiamua na mtu hajaridhika, rufaa inakwenda Mahakama Kuu. Sisi hatukufika huko, yule bwana aliposoma zile meseji zake kwenye kiambatisho aliondoa ombi mwenyewe.

Basi nikadhani tumemaliza, kumbe ndo kwanza. Alama inasajiliwa kwa aina ya bidhaa, dunia nzima karibu inatumia mgawanyo mmoja wenye klasi 45, 34 za bidhaa na 11 za huduma, unaitwa wa Nice kwa sababu makubaliano yalifanyika mji wa Nice kule Ufaransa mwaka 1957 (mteja mmoja aliniambia hiyo naisi mbona siyo naisi). Sasa chukua parachichi. Tunda lenyewe bichi ni klasi ya 31. Ukilikamua mafuta ya kupikia, klasi ya 29. Mafuta yaleyale ukiyaweka kwenye kichupa kidogo uuze ya kupaka usoni, klasi ya 3. Na kwa Bara kila klasi ni ombi lake na ada yake. Mama alivyosikia akanyamaza kidogo akasema, "Kwa hiyo serikali inaona mti wangu mmoja ni miti mitatu." Sikuwa na jibu zuri zaidi ya hilo. Tukaanza na mbili, ya kula na ya kupaka, tunda bichi tukaliacha maana haliuzi likiwa na lebo yake.

Hapa ndo utajua wakili anakusaidia au anakukamua. Ukitaka klasi zote 45 wapo watakaokuandikia ankara. Mimi naona mjasiriamali wa kwetu anahitaji kile anachouza leo na kile atakachouza mwaka kesho, basi.

Kingine ninachobishana nacho kila wiki ni majina yenyewe. Mtu ananiletea "Mchele Safi Kyela". Mama yangu! Mchele ni bidhaa, safi ni sifa, Kyela ni wilaya ya watu. Ukipewa wewe peke yako, mkulima mwingine wa Kyela auze nini? Jina linaloelezea bidhaa ni dhaifu, hata likipita leo kesho utashindwa kumzuia mtu nalo. Lete jina la kubuni, au neno lisilohusiana kabisa na mchele. Wateja hawapendi kusikia hivyo kwa sababu wanataka mnunuzi wa Dar akisoma tu ajue ni mchele wa huku, nawaelewa, kwa hiyo nawaambia Kyela iandike chini kwa herufi ndogo kama maelezo, kama kweli umetoka huko, ila jina la kusajili liwe lako.

Halafu masikio. Kufanana kwa majina hakupimwi kwa kuweka paketi mbili mezani na rula, swali ni mnunuzi wa kawaida mwenye kumbukumbu ya kawaida kama anaweza kuchanganya. Nenda Mwanjelwa usikie watu wananunuaje, hawasomi, wanataja. Na sisi wa huku Mbeya tunajijua na L na R. Kwenye karatasi Lulu na Ruru ni majina mawili, ukimtuma mtoto dukani ni jina moja. Kwa hiyo mimi sechi naifanya kwa herufi na kwa lafudhi.

Mpaka nao. Alama ya Bara haivuki hata maji ya Zanzibar, wao wana sheria yao ya 2008 na ofisi yao ya usajili, BPRA. Ukiuza Nakonde, hatua chache tu kutoka Tunduma, hiyo ni Zambia, unaomba PACRA, ofisi yao ya usajili kule Lusaka, kupitia wakili wa kwao. Watu wa Tunduma wanaliona hili kama utani, bei ya mahindi inavuka kila asubuhi lakini jina halivuki.

Kuhusu njia ya kufika huku: digrii ya sheria, Shule ya Sheria Dar, unaapishwa, unahuisha leseni yako kila mwaka. Miliki bunifu, yaani haki juu ya kazi za ubunifu zikiwemo alama hizi, kwetu darasani lilikuwa somo la kuchagua, tulikuwa wachache tukalichagua, mimi nikiri nililichagua kwa sababu ya ratiba. Ukitaka kuchimba zaidi kuna shahada ya uzamili ya miliki bunifu Africa University kule Mutare, Zimbabwe, inayoendeshwa kwa kushirikiana na WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu, na ARIPO, lile la nchi za Afrika. Kama huna nauli ya Mutare, akademia ya WIPO ina kozi ya utangulizi bure mtandaoni, inaitwa DL-101, nilianza nayo usiku kwa bando la chuo. Na usije na ndoto ya kuishi kwa alama tupu hapa Mbeya, ardhi na mirathi ndo vinalipa pango la ofisi yangu, alama zinalipa moyo na mara mojamoja mafuta ya gari.

Tena mwenye kitambulisho cha NIDA anaweza kuingia kwenye mfumo wa BRELA akaomba mwenyewe, akapata kontroo namba akalipa, simkatazi mtu. Wengi wanaokuja kwangu ni walioandika klasi siyo au walioletewa barua ya kukataliwa wakaiweka kabatini.

Maombi ya mama sasa yametangazwa yote mawili, leo ni siku ya 41. Jana usiku kanitumia lebo mpya WhatsApp, mchapaji kamwongezea neno "Original" kubwa kuliko jina lenyewe. Nimemwambia mama shikamoo, simamisha mashine kwanza, nakupigia asubuhi.