Sabuni ya mche, krimu au povu la kopo? Maswali ya wanaonyoa ndevu

Wanaume wengi wanaokuja kliniki ya ngozi na kidevu kilichovimba huanza kwa kuuliza sabuni. Wanaamini wakipata sabuni sahihi mambo yatakwisha. Tujibu hilo la sabuni, kisha tufike kwenye lile linalowaleta kwetu.

Sabuni ya kunyolea ya mche ni ipi?

Ni sabuni ngumu iliyotengenezwa kama kijiti kinene. Unaisugua moja kwa moja kwenye ndevu zilizolowa, halafu unatengeneza povu hapo hapo usoni kwa brashi yenye maji au kwa vidole. Ya bakuli ni ndugu yake, tofauti ni kwamba povu linatengenezwa nje ya uso. Krimu ya tyubu ni laini tayari, na povu la kopo hutoka limeshaumuka.

Ipi ni bora?

Kama ngozi yako ni nzima, chagua yoyote, ila lowanisha ndevu kwanza. Kinacholainisha unywele ni maji. Kazi ya povu ni kuyazuia maji hayo yasikauke na kuuwezesha wembe kuteleza. Osha uso kwa maji ya uvuguvugu, uache ndevu zinywe maji dakika mbili au tatu, ndipo upake.

Mche una faida zake: hauishi haraka, haumwagiki kwenye begi, na ukisuguliwa vizuri hutoa povu zito linalokaa. Povu la kopo huwaponza wenye haraka, wanaolipaka juu ya ndevu kavu na kunyoa papo hapo. Sabuni ya kuogea hukauka kabla hujafika shavu la pili, hasa ukikaa mbele ya feni kwa joto hili letu la Dar. Ya kufulia sitaki hata kuisikia, ingawa nasikia bado inatumika.

Nina vipele vyenye usaha kidevuni. Ninyoe na sabuni gani viishe?

Hakuna. Usinyoe.

Nywele zetu za kipilipili zimejikunja. Ukizinyoa hadi usawa wa ngozi, au ukapitisha wembe kinyume cha nywele, unaacha ncha kali. Ncha hiyo ikiota inajipinda na kurudi kuchoma ngozi, nayo ngozi inavimba kama iliyoingiwa na mwiba. Hicho ndicho kipele chako. Sasa wewe unapitisha wembe juu yake: unakata kichwa cha kipele, unaacha kidonda wazi, na unaunolea unywele ncha mpya.

Hapa ndipo mche unapokuwa mbaya kuliko krimu. Unasugua kitu kigumu juu ya vipele, vinapasuka, kisha unaufunika na kesho unausugua tena palepale.

Lakini mbona nikivikata vinatulia siku mbili?

Vinatulia kwa sababu usaha umetoka. Siku ya tatu vinarudi na wenzao. Kwa hiyo jibu ni lile lile: usinyoe juu ya usaha, kwa mche, kwa krimu wala kwa wembe mpya kutoka kwenye karatasi. Usivitumbue kwa pini wala kwa kucha. Acha wembe wiki nne au zaidi mpaka ngozi itulie, na asubuhi na jioni kanda kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu.

Kazini wanataka kidevu safi. Nifanyeje?

Tumia mashine ya kunyolea, na uache nywele urefu wa kama milimita moja. Hakuna mteja atakayeziona. Bosi akikataa, njoo kliniki, daktari akikuona anaweza kukuandikia barua.

Nimepewa tyubu duka la dawa, vipele vimepungua. Niendelee?

Iangalie hiyo tyubu. Nyingi zinazouzwa kiholela zina steroidi kali kama betamethasone au clobetasol. Zinashusha uvimbe na kuondoa muwasho, nawe unadhani umepona, kumbe maambukizi yanaweza kuendelea chini. Ukipaka muda mrefu usoni ngozi inakuwa nyembamba na nyeupe kwa mabaka, na ukiacha vipele vinalipuka upya. Njoo nayo tuione. Spiriti na ndimu juu ya kidonda nazo ziache. Zinaunguza tu, hata kama jirani aliapa kwamba zilimsaidia.

Lini niende hospitali?

Mapema kuliko unavyofikiri. Nenda siku hiyo hiyo kama una jipu kwenye mdomo wa juu au puani, uso unavimba kuelekea jichoni, au una homa na kichwa kinauma sana. Mishipa ya damu ya eneo hilo inaungana na ya nyuma ya jicho, na maambukizi yanaweza kupanda hadi ndani ya kichwa. Habari ya "nasubiri liive" sitaki kuisikia tena. Likiiva hapo, halitumbuliwi nyumbani. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala, popote unapoweza kufika haraka.

Majipu yakijirudia, pima sukari. Vipele vya kidevuni au kisogoni vikianza kuwa vigumu na kuacha makovu yaliyoinuka, njoo vikiwa bado vidogo, kwa sababu kovu kubwa ni kazi kulipunguza.

Je, tunaweza kutumia mche mmoja na mdogo wangu?

Kila mmoja na wake, na brashi yake. Wembe ndiyo kabisa usichangie: virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa nje ya mwili siku saba vikiwa bado vinaambukiza, hata kama wembe hauonyeshi damu. Ukienda kwa kinyozi, mwambie afungue wembe mpya mbele yako. Akinuna, saluni ziko nyingi.