Gundi ya tinti na imani ya petroli

Watu wengi wanaamini tinti ya zamani ikiacha gundi kwenye kioo cha gari, dawa ni petroli na wembe tu. Petroli inalainisha gundi kweli, ila mvuke wake unashika moto kirahisi mno na inaharibu raba za pembeni. Mara nyingi joto linatosha, paki juani, bandua tinti taratibu kuanzia kona, gundi inayobaki paka mafuta ya kupikia uyaache yalowe ndo ufute na maji ya sabuni. Kioo cha nyuma chenye ile mistari ya kuondoa ukungu wembe usiguse kabisa, ikikatika inaacha kufanya kazi. Kuhakikisha mwenyewe, paka mafuta nusu ya kona, nusu iache kavu, kisha kwangua zote kwa kadi ya benki iliyoisha muda, uone gundi ya upande upi inatoka kirahisi.