Saa ya jeshi na saa ya mwanajeshi

Siku hizi saa yoyote yenye uso mweusi, tarakimu kubwa na mkanda wa turubai inauzwa kwa jina la saa ya kijeshi. Muuzaji akiongeza kwamba babu yake alipigana Burma, bei inapaa. Kwa wanaozijua, saa ya kijeshi ni ile ambayo jeshi liliiagiza kwa masharti yake, likaipiga alama na namba, likamkabidhi askari kama linavyomkabidhi bunduki, likitarajia kurudishiwa. Basi.

Kinachoangaliwa ni umiliki, si sura. Na kwa Waingereza umiliki una alama yake: mshale mpana, mistari mitatu inayokutana juu kama unyayo wa kuku. Ni alama ya kale kuliko saa za mkono. Ilipigwa kwenye mizinga, kamba na mbao za merikebu ili ijulikane kuwa ni mali ya mfalme, na sheria ya 1698 ilimtia hatiani raia aliyekutwa na vitu vyenye alama hiyo bila idhini. Ndiyo maana mshale uliochorwa usoni tu, huku mfuniko wa nyuma ukiwa mtupu, haunishawishi. Rangi huchorwa na yeyote.

Tazama saa zinazoitwa W.W.W., herufi zinazosimamia maneno ya Kiingereza ya saa ya mkono isiyoingiza maji. Jeshi la Uingereza liliziagiza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa kampuni 12, zikiwemo Omega, Longines, Cyma, Vertex na Grana. Uso ni mweusi, sekunde zina duara lake dogo penye tarakimu ya 6. Igeuze: utakuta mshale, herufi W.W.W., na namba mbili, moja ya kiwanda na nyingine ya jeshi. Ya jeshi hutanguliwa na herufi ya kampuni. Omega ni Y, Vertex ni A. Omega yenye herufi ya mwenzake imeunganishwa kutoka saa mbili. Grana ndiyo inayosakwa kuliko zote kwa kuwa zilitengenezwa chache; za Omega zinakadiriwa kufika 25,000.

Sasa turudi Burma. Askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, walipigana huko 1944. W.W.W. zilikabidhiwa jeshi mwaka 1945, nyingi vita vya Ulaya vikiwa vimekwisha. Kwa hiyo hadithi ya W.W.W. iliyovuka bonde la Kabaw, huko Burma, mwaka 1944 haisimami. Saa ya jeshi la Uingereza ya wakati ule ingetafutwa kwenye kundi la kabla yake, lenye herufi A.T.P. mgongoni.

Jambo la pili ni uso uliobadilishwa. Tarakimu za awali zilipakwa unga wenye radiamu, madini ya mionzi, ili zing'ae gizani, na baadaye jeshi lenyewe liliziweka saa nyingi nyuso mpya zenye tritiamu, yenye mionzi hafifu zaidi, zikiwa na herufi T ndani ya duara. Uso huo ni halali, ni sehemu ya utumishi wa saa, ingawa wakusanyaji wengi hulipa zaidi kwa uso wa kwanza. Uso uliopakwa upya na fundi wa mtaani ili "ung'ae" ni habari nyingine kabisa, hushusha thamani vibaya. Tena ule unga wa radiamu hauwaki tena gizani, lakini mionzi ya radiamu ipo palepale, maana hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 1,600 hivi. Msiukwangue.

Na kama babu alinunua saa yake dukani kwa mshahara wake, akaivaa vitani, akarudi nayo, hiyo ni saa ya mwanajeshi. Iandikeni hivyo, pamoja na jina lake, kikosi chake na picha akiwa ameivaa kama ipo. Wapo wanaozitafuta hizo pia, na karatasi za babu ndizo watakazoziulizia kwanza.