Kwa nini mwanzilishi wa WhatsApp aliwataka watu wafute Facebook?

Machi 2018, Brian Acton aliandika maneno machache tu kwenye Twitter: wakati umefika, futeni Facebook. Watu walishangaa, maana Facebook ndiyo iliyomtajirisha. Mwaka 2014 yeye na mwenzake Jan Koum waliiuzia WhatsApp kwa takriban dola bilioni 19.

Walipoianzisha mwaka 2009 walikuwa na msimamo. Mezani kwa Koum palibandikwa karatasi yenye mwandiko wa Acton: hakuna matangazo, hakuna michezo, hakuna mbwembwe. Mtumiaji angelipa dola 1 kwa mwaka, basi. Facebook yenyewe haikudai senti kwako. Mlipaji alikuwa mwenye tangazo, naye alitaka kukufikia wewe hasa, kwa umri wako, mtaa wako na unavyovipenda. Mwaka 2016 ile dola ikafutwa, na miezi michache baadaye WhatsApp ikatangaza kuipa Facebook namba za simu za watumiaji. Mwaka uliofuata Acton akaondoka, akaacha hisa za takriban dola milioni 850 ambazo angezipata kama angesubiri. Ndiyo maana namwamini. Kisha akatoa dola milioni 50 kuanzisha taasisi isiyotafuta faida ya Signal, programu ya kutumiana ujumbe kama WhatsApp.

Anayekataa mitandao hii huulizwa anaficha nini. Lakini hata WhatsApp imefunga ujumbe wako tangu 2016, ausome unayemwandikia tu, tena kwa kufuli lilelile la Signal. Tofauti iko kwenye bahasha: nani kamwandikia nani, saa ngapi, mara ngapi. Mwaka huohuo 2016 waendesha mashtaka wa Marekani waliitaka Signal itoe taarifa za namba mbili za simu, na moja tu ndiyo iliyokuwa na akaunti. Ilikuwa na vitu viwili tu vya kuwapa: siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa mara ya mwisho.

Mimi Facebook na Instagram nilishaziacha. WhatsApp ndiyo ngumu, kwa sababu kamati ya harusi iko huko, chama kiko huko, wazazi wa darasa la mwanangu wako huko. Nilijitoa mara moja. Msiba wa mzee wa nyumba ya tatu nikausikia kwa muuza mkaa, watu wamesharudi makaburini. Nikaenda kutoa pole nikiwa nimechelewa siku nzima, na jioni ile nikairudisha WhatsApp. Na dada yangu bado tunaandikiana kwa Signal.